Kuingia kwenye kazi za fedha ukitokea chuo kisichotajwa: mwongozo kutoka Tabora

Mimi ni afisa mikopo hapa Tabora mjini. Chuo nilichosoma, nikikitaja kwenye usaili, huwa naulizwa kiko mkoa gani. Kila mwaka vijana wa fildi (mafunzo kwa vitendo) wanaopita tawini kwetu huniuliza jambo lile lile: kaka, kama sijasoma Mlimani wala Mzumbe wala IFM, nitapenyaje? Huwa nawaambia kwamba mwajiri hupima jina la chuo pale anapokosa kitu kingine cha kupima. Mpe kitu hicho. Hatua zifuatazo zinahusu namna ya kukitengeneza ukiwa huku huku, bila nauli ya Dar.

Hatua ya 1: Jua mlango upi unauliza chuo na upi hauulizi

Kazi za fedha hazifanani. Kampuni nne kubwa za ukaguzi (Deloitte, PwC, KPMG na EY) zina mvuto wake, lakini zinachukua wachache na foleni yake ni ndefu. Madalali wa Soko la Hisa nao ni ofisi ndogo, watu wake wanafahamiana.

Serikalini ni tofauti. Nafasi nyingi hupitia Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwa mtandao, kisha kuna mtihani wa maandishi wa mchujo kabla ya mahojiano. Mwaka 2025 TRA, mamlaka ya mapato, ilitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakapita laki moja. Namba hiyo inatisha, sawa, ila kwenye chumba cha mtihani wa Mlimani na wa chuo chako wanajibu karatasi moja.

Mlango ninaoupendekeza kwa mtu wa Tabora au Kigoma ni mikopo: kwenye matawi ya benki, taasisi za huduma ndogo za fedha, au SACCOS (vyama vya akiba na mikopo). Hapo atakayehitajika ni anayejua biashara za eneo hili zinavyozunguka, na mtoto wa Urambo au Ujiji anamzidi mgeni kwa mbali.

Hatua ya 2: Linda GPA (wastani wa alama zako)

Nitasema kwa kifupi. Kwa mfumo wa alama 5, upper second (daraja la pili la juu) inaanzia 3.5, na waajiri wengi huanza kuchuja hapo. Kama bado uko mwaka wa kwanza au wa pili, hilo ndilo jambo la bei rahisi kuliko yote yaliyomo humu. Kama umeshamaliza na 3.1, usijieleze sana. Nenda hatua ya 3 na uifanye vizuri zaidi ya wenzako.

Hatua ya 3: Andaa uchambuzi mmoja wa biashara ya kwenu

Hapa ndipo nakuomba utumie muda wako mwingi. Mtu wa Kigoma achukue dagaa au mawese. Mimi nitatumia tumbaku kwa kuwa ndiyo naijua.

Tafuta chama cha msingi cha wakulima, AMCOS, Urambo, Kaliua au Sikonge. Nenda na barua ya chuo, lakini anza na mwangaluka na shikamoo. Barua itasomwa baadaye. Omba kuelezwa mzunguko mzima: pembejeo zinakopwa lini, soko linafunguliwa lini, nani anakatwa nini kabla fedha haijafika kwa mkulima. Ukiweza, hudhuria mkutano mkuu wa chama ambapo hesabu husomwa. Hesabu za vyama vya ushirika hukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama hivyo, kwa hiyo utasikia pia hoja za mkaguzi, na hizo ni shule tosha.

Kisha fungua Excel. Huu ni mfano wangu tu, weka namba zako. Mkulima anauza kilo 1,200 kwa wastani wa dola 2 kwa kilo, sawa na dola 2,400. Kwa dola moja kuwa shilingi 2,500, hiyo ni milioni 6. Toa deni la pembejeo 2,600,000 na makato mengine 200,000, inabaki 3,200,000. Matumizi ya nyumbani ni 200,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Kilichobaki cha kulipia mkopo mpya ni 800,000.

Sasa badilisha jambo moja tu: shilingi iimarike, dola ifike 2,300. Mauzo yanashuka hadi 5,520,000 na ile 800,000 inakuwa 320,000. Mkulima hajakosea chochote shambani, kilo ni zile zile. Fanya hivyo hivyo kwa mvua ya mawe, au kwa tumbaku kushushwa daraja sokoni.

Jambo la pili litakalojitokeza: huyu mtu anapata fedha kwa msimu. Ukimwandikia mkopo wa pikipiki wenye marejesho ya kila mwezi, mwezi wa pili tu ameshachelewa, na kwenye mfumo ataonekana mdaiwa sugu wakati ana nia ya kulipa. Marejesho yake yafuate soko. Andika hivyo kwenye ukurasa wa mwisho kama pendekezo lako: ungemkopesha kiasi gani, alipe lini, na ni lipi lingekufanya ukatae.

Kurasa tatu zinatosha. Majina ya wakulima yaondoe. Karatasi hiyo ikifika mezani kwa meneja wa tawi, ataacha kuuliza chuo chako kiko mkoa gani.

Hatua ya 4: Soma hesabu za mwajiri kabla hajakuita

Benki zote hapa nchini hutoa taarifa zao za fedha kila robo mwaka, magazetini na kwenye tovuti zao. Chukua mbili, tuseme NMB na CRDB, uzilinganishe. Anza na uwiano wa mikopo chechefu (iliyokwama kulipwa), ambao Benki Kuu inataka usizidi asilimia 5, kisha uwiano wa gharama kwa mapato, ambao kikomo chake ni asilimia 55. Andika aya moja kwa kila benki kwa maneno yako. Nimekaa kwenye meza ya usaili na watu wenye shahada nzuri wasioweza kusema benki waliyoiomba ilipata faida au hasara. Inasikitisha, kwa sababu ni jambo la nusu saa.

Hatua ya 5: Fildi, na kile kibanda cha wakala

Usingoje chuo kikupangie. Peleka barua mapema, kwa mkono, kwenye zaidi ya tawi moja. Ukipewa nafasi, omba ukae dawati la mikopo hata kama ni kupanga mafaili, maana mafaili ndiyo yenyewe: humo kuna dhamana, barua za mtendaji wa kijiji, na sababu za mikopo iliyokwama. Ukimaliza masomo bila kazi, jisajili kwenye huduma za ajira za serikali kwa ajili ya nafasi za utarajali (internship).

Na kama umewahi kusimamia kibanda cha M-Pesa au uwakala wa benki, kiandike kwenye wasifu. Wengi wanakificha wakiona ni kazi ya mtaani. Kugawa floti (fedha ya kuendeshea miamala) kati ya mitandao siku ya soko, kufunga hesabu jioni bila upungufu, kukataa muamala unaonuka utapeli: hiyo ni kazi ya fedha.

Hatua ya 6: Cheti cha kitaifa

Mitihani mikuu ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, hufanyika Mei na Novemba, na CPA, cheti chake cha uhasibu, haina chapa ya chuo. Kwa upande wa benki kuna cheti cha Taasisi ya Mabenki, TIOB. Anza na masomo unayomudu ada yake. Kwenye wasifu, hata ukiwa katikati ya safari, taja hatua uliyofikia.

Hatua ya 7: Barua na usaili

Kwenye YAH: taja nafasi na tawi. Aya ya kwanza iseme ulichochambua. Wadhamini wawe watu waliokuona ukifanya kazi. Meneja wa AMCOS anafaa kuliko mbunge asiyekujua.

Jiandae kwa swali hili, linapendwa: uchakavu (gharama ya mali kuchakaa) ukiongezeka kwa milioni 1, nini kinatokea? Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, na kama TRA inaukubali uchakavu huo wote, kodi inapungua 300,000, faida baada ya kodi inapungua 700,000, na fedha taslimu inaongezeka 300,000. Kwenye mizania mali zinashuka 700,000 na mtaji unashuka kiasi hicho hicho. Lieleze kwa sauti mbele ya mwenzako mpaka usikwame.

Ukipata kazi, huenda ukapangiwa Kaliua au Kasulu badala ya mjini. Nenda. Kwenye tawi dogo afisa mikopo mpya anashika faili tangu maombi hadi marejesho, na ukija kuomba uhamisho au kazi kwingine utakuwa na mikopo yako mwenyewe ya kuonyesha, iliyolipwa na iliyokwama.