Kumtembeza mgeni mwenye kitimwendo Mji Mkongwe, Unguja

Mji Mkongwe haukujengwa kwa ajili ya magurudumu. Vichochoro vingi havipitishi gari, nyumba za mawe zina ngazi kali, na milango mingi ina kizingiti cha kuruka. Hata hivyo mgeni anayetumia kitimwendo au magongo anaweza kuuona vizuri kwa siku mbili, mradi mpangaji wa ziara akubali jambo moja: kwa magurudumu mji huu haukatwi katikati, unazungukwa. Unafuata ukingo wa bahari na barabara za gari, unaingia ndani mahali ulipopachagua, kisha unatoka kwa njia uliyoingilia. Ziara nyingi huharibika kwa sababu mtu ameanzia Forodhani, ukingoni mwa bahari, akataka kufika Mkunazini, upande wa pili wa mji, kwa kupenya vichochoroni. Ramani inaonyesha karibu, lakini katikati kuna pikipiki, mikokoteni, ngazi za vibarazani na mifuniko ya mitaro isiyokaa sawa.

Anza na vipimo, tena kabla mgeni hajalipia chumba. Ukimuuliza mwenye hoteli kama kiti kinaingia, atajibu kinaingia, kwa ukarimu wala si kwa uongo: akilini mwake vijana wanne watambeba mgeni. Omba picha zenye utepe wa kupimia: upana wa mlango wa chumba, upana wa mlango wa choo, kimo cha kila ngazi kuanzia barabarani hadi kitandani. Kiti cha kawaida cha mtu mzima kina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono inayozungusha magurudumu inahitaji nafasi yake, kwa hiyo mlango ulio wazi kwa sentimita 80 ndio wa kuhesabia. Mlango wa choo ndio unaokwamisha wengi. Katika majumba ya zamani vyoo vilichongewa nafasi baadaye, pembeni pembeni. Chumba cha chini kisicho na mandhari ya bahari ni bora kuliko cha juu chenye mandhari ambacho mgeni atakiona mara moja tu.

Ukitaka kubeba ubao wa mteremko, hesabu yake ni hii: kila sentimita 1 ya kimo idai sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka ubao wa mita 1.8. Ubao wa kukunja wa sentimita 90 unafaa kizingiti cha sentimita 7 au 8, basi. Ukiulaza kwenye ngazi mbili, kiti kitapinduka kwa nyuma.

Kiti cha umeme ni kizuri Forodhani na kero kwingine kote. Vingi vina uzito wa kilo 50 na kupita, kwa hiyo hata kizingiti kimoja hakibebeki bila watu, na mvua ya ghafla ikilowesha kisukani mgeni amekwama. Kama mgeni ana kiti cha mkono, aje nacho hicho.

Kwa ndege, mgeni atoe taarifa kwa shirika saa 48 kabla, akitaja herufi zake: WCHR kwa anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mwendo mrefu, WCHS kwa asiyepanda ngazi, WCHC kwa asiyetembea kabisa. Akitaja WCHR kwa kuona haya, atakuta ngazi za ndege zinamsubiri. Kwa boti kutoka Dar es Salaam, safari ni kama saa mbili, na shida iko kwenye kupanda na kushuka. Daraja la kupandia huinama zaidi maji yakitoka, hasa siku za bamvua, yaani za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Siku hizo Unguja maji kwa kawaida hujaa kiasi cha saa kumi na kutoka kiasi cha saa nne asubuhi, kwa hiyo boti inayofika alasiri ndiyo yenye mteremko wa huruma. Ombeni kushuka mwisho. Umati wa mizigo ukishapita, mabaharia wana muda wa kushika kiti ipasavyo.

Kushika kiti ipasavyo kuna namna yake, na wasaidizi waelezwe kabla ya kuondoka hotelini. Kwanza, muulizeni mgeni mwenyewe, wala si mwenzake aliyesimama nyuma. Pili, shikeni fremu. Vishikio vya mikono na vikanyagio vya miguu vingi huchomoka, na vikichomoka kiti kiko hewani mtu anaanguka. Kupanda ngazi, kiti kigeuzwe kinyumenyume, magurudumu makubwa yagote kwenye ngazi. Mwenye nguvu zaidi asimame juu nyuma ya mgeni na kuvuta, wa pili abaki chini mbele akishika fremu. Kushuka, mgeni atazame mbele, kiti kikiwa kimelazwa nyuma kidogo, ngazi moja moja. Breki zifungwe kila mnaposimama, hata kwa kupiga picha. Kwenye mfuniko wa mtaro wenye nafasi, inueni vigurudumu vya mbele na mvuke kwa vile vikubwa, kwa sababu vidogo ndivyo vinavyodumbukia na kumrusha mtu mbele.

Siku ya kwanza iwe ya bahari. Bustani ya Forodhani, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena 2009, ina njia pana zilizo sawa, na ndipo pa kupimia mwendo wa kiti na nguvu za msukumaji. Vukeni barabara hadi Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Uwanja wake wa ndani unaonekana vizuri ukiwa chini. Msijisumbue na ngazi za jukwaa. Februari, wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, njooni mchana, maana usiku hapana nafasi ya kugeuza kiti. Kisha fuateni Barabara ya Mizingani, bahari ikiwa kushoto: Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyojengwa na Sultani Seyyid Barghash 1883, halafu kasri ya Beit al-Sahel, halafu Mtini, penye mti mkubwa, na Zahanati ya Kale yenye roshani za mbao. Ni chini ya kilomita moja. Beit al-Ajaib itazameni kwa nje, maana sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ajabu yenyewe ni kwamba jumba hilo husifiwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwekewa lifti.

Siku ya pili, Mkunazini. Msipite ndani: chukueni teksi kupitia barabara kuu ya Darajani na kuingia Mkunazini Mpya, mshukie karibu na kanisa kuu la Kianglikana, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Kanisa na sanamu za watumwa waliofungwa minyororo, zilizosimamishwa shimoni nje, ndizo za kuzipa muda. Vyumba vya chini ya ardhi vina ngazi nyembamba na dari ya kuinamia. Kumbeba mtu humo ni hatari kwake na kwa wabebaji. Mtembezaji aingie na simu, apige video polepole, atoke waitazame pamoja. Soko la Darajani liachwe la mwisho au liachwe kabisa: sakafu ya upande wa samaki ni maji matupu, na vishikio vya magurudumu mgeni anavizungusha kwa mikono yake.

Vichochoroni ingieni mara moja, mtaa wa Gizenga nyuma ya Ngome, saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi kabla maduka hayajamwaga bidhaa nje. Mbele atangulie mtu akisema "hodi, hodi", kama wachukuzi wafanyavyo. Watu hupisha bila kinyongo. Hapa anayekaa kitini ana faida. Milango ya nakshi husomwa kutoka chini kwenda juu, na waliosimama hutazama njumu za shaba tu. Yeye macho yake yako karibu na mguu wa fremu, ambako mara nyingi amechongwa samaki, na mnyororo unapanda pembeni hadi juu. Kama kilele cha mlango ni cha mraba, ni mtindo wa Kiarabu. Kama ni cha upinde wenye maua, ni wa Kihindi.

Saa za kukwepa: Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, na kila siku kuanzia saa tano hadi saa kumi, jua likifanya vyuma vya kusukumia visishikike bila glovu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji hufunika mashimo. Dimbwi usilolijua kina chake lizungukeni. Choo kinachoingiza kiti hakipatikani kirahisi, kwa hiyo kipimeni cha hoteli moja kubwa ya ufukweni, mwombe ruhusa mapema, na mpange matembezi yasiyozidi saa mbili kutoka hapo.

Chakula cha usiku Forodhani fikeni saa kumi na moja unusu, mchague upande wa ukutani penye upepo. Majiko ya makaa na mafuta ya moto yako kwenye kimo cha uso wa aliyekaa, na nyaya za taa zimelala chini. Mgeni abaki mezani. Mwingine aende kuagiza mishikaki na urojo.

Mwisho, tairi. Viti vingi hutumia tairi iliyoandikwa 24 x 1 3/8, au 37-540 ubavuni, na si ile ya baiskeli ya inchi 24 iliyo dukani, ambayo mara nyingi namba yake ni 507 badala ya 540. Mafundi baiskeli wa Unguja wataziba pancha bila shida, lakini mpira wa ndani wa saizi hiyo wengi hawana. Mgeni aje na miwili.