Namna ya Kuziunganisha Jamii Zilizobaguliwa kwa Asili Yao, kwa Mafunzo ya Unguja na Pemba

Anayetaka kuziunganisha jamii zilizobaguliwa kwa asili yao, ziweze kusema kwa sauti moja mbele ya wenye mamlaka, asianze na hotuba ya undugu. Aanze na dhiki inayowapata wote. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida katika mji wa Unguja, wengi wao wazao wa watumwa, waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao, na mwaka 1948 mgomo ulioanzishwa na wachukuzi wa bandarini kwa kudai mshahara ulienea mjini. Basi katika kikao cha kwanza kila upande ueleze kinachoutaabisha, na likipatikana jambo lililotajwa na wote, ndilo la kushika.

Halafu waulizeni watu wanavyopenda kuitwa. Jina Mhadimu, waliloitwa baadhi ya wenyeji wa Unguja, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mtumishi, na wapo wasiolitaka; anayelitumia bila kuuliza huwa amekwisha kuwaudhi aliowaalika.

Kazi ngumu zaidi ni masharti. Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi (wenyeji wa visiwani wanaojinasibisha na Uajemi) ziliungana, na muungano huo baadaye ukaitwa ASP (Afro-Shirazi Party); katika uchaguzi wa Julai chama pinzani cha ZNP (Zanzibar Nationalist Party) hakikupata hata kiti kimoja. Lakini muungano ule ulikuwa mlegevu, hasa kwa upande wa Pemba, na mwishoni mwa 1959 baadhi ya viongozi wa Kishirazi walijitoa wakaunda chama cha ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party), ambacho baadaye kilishirikiana na ZNP. Katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, ikaambulia viti 13 kati ya 31. Kwa hiyo andikeni mapema nani atasema kwa niaba ya wote, uongozi utapokezanwa vipi, na mambo gani hayatapitishwa mpaka jamii ndogo iridhie; tena wahesabuni wafuasi wenu jimbo kwa jimbo, kwa kuwa wingi uliorundikana mahali pamoja hauongezi viti.

Sharti nisilokubali liachwe ni kwamba umoja usijengwe kwa kuichukia jamii nyingine. Machafuko ya uchaguzi wa Juni 1961 yaliua watu 68, wengi wao Waarabu, wakiwemo wenye vijiduka huko mashamba. Atakayetamka kikaoni neno la kudhalilisha asili ya mtu akatazwe papo hapo, na mwenyekiti amkataze hata akiwa ni mzee wake.