Besi na kambare wa Marekani: fimbo moja, akili mbili

Ukitaka kuvua besi (bass kwa Kiingereza, samaki mwindaji wa maziwa na mito) au kambare huko Marekani, kabla ya fimbo nunua leseni. Marekani haina leseni moja ya nchi nzima kwa uvuvi wa maji baridi. Kila jimbo lina yake, na ile ya Texas haitakusaidia ukienda kumtembelea shemeji Minnesota. Watoto wameachiwa: Texas mtu huanza kudaiwa leseni akifika miaka 17, Minnesota 16. Mkazi hulipa kidogo kuliko mgeni, ndiyo maana ukazi wenyewe umewekewa masharti. Texas wanataka uwe umeishi huko zaidi ya miezi 6 mfululizo, Minnesota siku 60. Kama muda haujatimia, lipa bei ya mgeni. Kudanganya kwenye fomu ya serikali ili kuokoa dola chache ni ujinga, hasa kwa mtu ambaye makaratasi yake ya uhamiaji bado yanashughulikiwa.

Utaulizwa pia namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii ambayo serikali humpa mtu, na wengi hushtuka: kuvua samaki na namba hiyo wapi na wapi? Chanzo ni sheria ya shirikisho ya 1996 ya kuwafuatilia wazazi wasiotoa matunzo ya watoto, ambayo iligusa hadi leseni za burudani. Mwanafunzi ambaye hajapata namba hiyo asihangaike na fomu ya mtandaoni. Aende na pasipoti kwenye kaunta inayouza leseni, aulize utaratibu wa jimbo lake. Tazama na tarehe ya mwisho: leseni ya kawaida ya Texas huisha 31 Agosti hata kama umeinunua Julai, ingawa ipo nyingine inayohesabu mwaka tangu siku ya kununua.

Askari wa wanyamapori akikufikia ukingoni, ataomba kuona leseni na huenda akataka kuona samaki uliowaweka kwenye barafu. Ni kazi yake ya kila siku, usihisi umeonewa. Anachotafuta ni idadi na urefu. Kwa mfano, kanuni ya jumla ya Texas kwa besi mdomo-mkubwa (largemouth), besi anayezungumziwa hapa, ni samaki 5 kwa siku, kila mmoja asipungue inchi 14, lakini maziwa kadhaa yana kanuni zao tofauti, kwa hiyo soma kanuni za ziwa lenyewe. Samaki hupimwa akiwa amelazwa kwenye rula, mdomo umefungwa, mkia umebanwa pamoja. Akipungua hata kidogo, mrudishe majini saa hiyo hiyo.

Jambo la mwisho la sheria, kisha tuingie majini: bwawa lililo nyuma ya nyumba za watu si la umma, hata likiwa halina uzio. Bustani nyingi za miji nazo hufungwa giza likiingia. Uliza kwanza, hasa ukiwa unapanga kukesha.

Sasa vifaa. Dukani utakuta ukuta mzima wa chambo bandia za kila rangi. Upite. Anayeanza anahitaji fimbo moja ya futi 6 na nusu hadi 7, yenye nguvu ya wastani, na rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, ya aina ya wazi, ile inayoning'inia chini ya fimbo. Ile inayokaa juu, ambayo gurudumu lake huzunguka lenyewe unaporusha, ni nzuri mikononi mwa mzoefu. Kwa mgeni hugeuka kichaka cha mshipi katika mrusho wa kwanza tu. Jaza mshipi wa nailoni unaohimili uzito wa ratili 10 au 12. Ongeza koleo lenye ncha ndefu la kuchomolea ndoana, rula, na wavu mdogo wa mkono, basi. Besi na kambare wa kawaida wote watakuja kwa fimbo hiyo hiyo. Kitakachobadilika ni kilicho mwishoni mwa mshipi, na namna unavyofikiri.

Jifunze fundo moja na ulijue hata gizani. La Palomar linatosha. Kunja mshipi uwe mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana, kisha funga fundo la kawaida kwa ule mshipi wa mara mbili bila kulikaza, ndoana ikining'inia katikati. Chukua kitanzi kilichobaki, kivishe ndoana yote ipite ndani yake, lowesha kwa mate, vuta taratibu mpaka likae. Mate yana kazi: nailoni ikikazwa ikiwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika, na samaki mkubwa atakukatia hapo hapo penye fundo.

Besi ni mwindaji wa kuvizia. Hukaa kivulini kando ya kitu, gogo lililozama, nguzo za gati, ukingo wa magugu maji, akisubiri kinachopita. Kwa hiyo wanaosimama na kurusha katikati ya ziwa kwa sababu huko kunaonekana kuna kina, mara nyingi wanaosha ndoana tu. Tembea ukingoni. Rusha kando ya kila kinachoweza kuficha samaki, mara mbili tatu, kisha songa mbele. Asubuhi na mapema na jioni ndiyo saa zake wakati wa kiangazi. Jua likiwa utosini hushuka chini au hujibana ndani kabisa ya kivuli. Majira ya machipuko, maji yakifika nyuzi 60 hivi za Fahrenheit na kuendelea kupanda, besi husogea kwenye maji mafupi kutaga, na dume hubaki akilinda kiota. Ni wakati rahisi kumpata, ila ukimnasa dume huyo mrudishe upesi, maana samaki wadogo hawachelewi kuvamia mayai yake.

Chambo cha kuanzia ni mnyoo wa plastiki laini, wa rangi nyeusi au kijani kibichi kilichofifia, uliofungwa kwa mtindo wa Texas. Pitisha mshipi kwenye chubwi yenye umbo la risasi ya bunduki, uzito wa robo aunsi au chini kidogo, ncha yake nyembamba ikielekea juu kwenye fimbo. Funga ndoana namba 3/0, ile yenye shingo iliyopinda. Choma kichwa cha mnyoo kwa ncha ya ndoana, ingia kama robo inchi, toka ubavuni, sukuma mnyoo mpaka ufike shingoni, kisha geuza ndoana. Pima ncha itaangukia wapi mwilini, ichome hapo, na uifiche tena chini ya ngozi ya plastiki. Mnyoo lazima ulale umenyooka. Ukikunjika utazunguka majini na kusokota mshipi wote. Ukifungwa hivi, hupita kwenye magugu na matawi bila kunasa, na huko ndiko besi aliko.

Urushe, uache uzame, angalia mshipi. Samaki wengi huuchukua ukiwa bado unashuka, na dalili pekee ni mshipi kuruka kidogo au kuanza kwenda pembeni. Ukigusa chini, inua ncha ya fimbo polepole, shusha, zungusha rili kuondoa ulegevu, rudia. Ukisikia mguso kama mtu anabisha kwa kidole, ondoa ulegevu kwanza, kisha vuta fimbo kwa nguvu, maana ncha inapaswa kutoboa plastiki ndipo itoboe mdomo. Ukimtoa, mshike kwa kidole gumba ndani ya mdomo wa chini. Meno yake ni kama msasa, hayakati. Akiwa mkubwa, mkono wa pili uwe chini ya tumbo. Kumning'iniza kwa taya akiwa mlalo huumiza taya.

Wamarekani wengi humrudisha besi majini. Ni samaki wa mashindano na rekodi zaidi kuliko wa sufuria, na hizo rekodi wanazichukulia kwa uzito hasa. Ile ya dunia, ratili 22 na aunsi 4, iliwekwa na George Perry huko Georgia mwaka 1932, na ilipofikiwa mwaka 2009 na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, samaki wake alizidi kwa aunsi moja hivi. Kanuni inadai zaidi ya hapo ili kuvunja rekodi, kwa hiyo wanagawana. Kumla ni halali ukifuata kipimo, lakini usishangae jirani ukingoni akikutazama kwa jicho la pembeni.

Kwa kambare, geuza kila kitu. Besi unamfuata wewe. Kambare unamwita kwa harufu. Ngozi yake yote imejaa vionjo vya ladha, si sharubu peke yake, kwa hiyo hata maji yakiwa matope hukifuata chakula mpaka akipate. Wapo watatu wa kujua. Chaneli ndiye wa kawaida, mwenye mkia wenye panda, na ndiye anayepandikizwa kwenye mabwawa ya bustani za miji. Texas ina mpango maalumu wa kufanya hivyo. Anakula karibu chochote: maini ya kuku, minyoo ya ardhini, vipande vya samaki. Buluu ni jitu la mito mikubwa na hupenda vipande vya samaki vibichi. Flathedi, mwenye kichwa bapa, hutaka samaki hai, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu, kwa sababu majimbo mengi yanapangia ni samaki gani wanaruhusiwa kuwa chambo na kama unaweza kuwatoa ziwa moja kwenda jingine. Minnesota lazima umwage maji yote ya ziwa kabla ya kuondoka, ili kome vamizi wasisafiri nayo.

Ufungaji ni rahisi. Chubwi yenye tundu katikati, aunsi moja au zaidi kulingana na mkondo, iteleze huru kwenye mshipi, izuiwe na kiungo kinachozunguka. Baada ya kiungo, mshipi mwingine wa futi moja hadi moja na nusu, kisha ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani. Samaki akivuta, mshipi unapita kwenye chubwi naye hahisi uzito. Kosa la kawaida ni kuvuta fimbo kwa nguvu: ndoana ya duara ukiivuta ghafla inatoka mdomoni. Subiri fimbo ipinde, kisha zungusha rili tu. Atajinasa mwenyewe kwenye pembe ya mdomo. Maini huanguka ndoanani yanaporushwa, kwa hiyo yafunge kwa uzi mwembamba wa kushonea. Na fimbo isiachwe imeegemezwa tu ukingoni. Iweke kwenye kishikio, ulegeze breki ya rili, la sivyo itaondoka na samaki.

Usiku wa joto ndio wake hasa. Kumshika kuna hatari moja: miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya pembeni, ambayo huisimamisha ikajifunga. Wadogo ndio wabaya zaidi, miiba yao ni mikali kama sindano. Pitisha kiganja nyuma ya mapezi hayo, vidole vikiwa upande mmoja wa mwiba na kidole gumba upande mwingine, kisha koleo likafanye kazi yake.

Kambare ndiye samaki wa kula. Ila usile samaki wa mto unaopita mjini kabla ya kusoma tahadhari ya idara ya afya ya jimbo, maana hutofautiana kati ya ziwa na ziwa, mto na mto, na hutenga kiwango cha wajawazito na watoto. Kuondoa ngozi na mafuta hupunguza kemikali zinazokaa kwenye mafuta. Zebaki haiondoki hivyo, iko kwenye nyama yenyewe, na huongezeka kadiri samaki anavyokua na kuzeeka. Kwa hiyo wa ratili 3 au 4 ni bora mezani kuliko jitu, na jitu likirudi majini litazaa.

Walioko Maryland wana bahati yao. Kambare buluu waliletwa kwenye mito ya Virginia miaka ya 1970 kwa ajili ya michezo, wakasambaa Ghuba ya Chesapeake, na sasa wanahesabiwa wavamizi wanaomaliza kaa na samaki wa asili. Maryland haijaweka kikomo cha idadi wala urefu, na serikali yenyewe inahimiza watu wawale. Beba barafu ya kutosha, mtie barafuni mara tu anapotoka, na ukimpasua nyumbani kata ule mstari wa nyama nyekundu ubavuni, ndio wenye ladha ya tope.