Ufahamu wa Kiingereza kwa fomu wani, dikshenari zikiwa kabatini

Nafundisha Kiingereza huku Iringa na kila Januari stori ni ileile, mtoto kasoma kwa Kiswahili miaka yote saba ya msingi, anafika fomu wani anakuta baiolojia, jiografia vyote Kiingereza, ukimpa kifungu cha ufahamu anaanza neno la kwanza, halijui, dikshenari, la tatu halijui, dikshenari, kipindi cha dakika 40 kinaisha yuko mstari wa pili. Kwa hiyo mi dikshenari nazifungia kwanza. Nafanya hivi:

Hatua ya 1: chagua kitu wanachokijua. Achana na stori za theluji London. Mi naandika mwenyewe ubaoni, mistari mitatu tu, kuhusu Mkwawa, yule chifu wa Wahehe wa huku kwetu:

"Mkwawa defeated the Germans at Lugalo in 1891. Seven years later he shot himself so that they would not catch him alive. They took his head to Germany and it came back to Kalenga in 1954."

Kabla ya kuandika nawauliza kwa Kiswahili, haya, nani kashafika makumbusho ya Kalenga, mle ndani kuna nini? Dakika tano waongee. Najua kuna walimu watanuna kwamba Kiswahili marufuku darasani, sawa, ila mtoto akinyamaza we utajuaje anawaza nini?

Hatua ya 2: wasome kimya mara moja, kalamu chini, mmoja aseme kinahusu nini. Hata akipata nusu, songa.

Hatua ya 3, hapa ndo penye kazi, usiharakishe. Wazungushie duara kila he, they, him, it, halafu wachore mshale hadi kwa mwenyewe. Kiswahili kinatubeba sana bila sisi kujua, ukisema "walikipeleka Ujerumani kikarudi", ile ki peke yake inakwambia ni kichwa, haiwezi kuwa Mkwawa. Kiingereza wao wana it tu, it ya kichwa, it ya meza, hadi mvua ikinyesha ni it. Nishasahihisha daftari ambalo Wajerumani ndo wamejipiga risasi, mtoto maneno yote alikuwa anayajua, kilichompoteza ni mshale.

Hatua ya 4: neno gumu, mfano defeated, wakisie. Mkwawa na Wajerumani pale Lugalo ilikuwaje? Wanajua. Waandike kwa penseli waendelee. Dikshenari inatoka mwishoni, kwa maneno mawili basi.

Hatua ya 5: maswali. Mi huwa nauliza Mkwawa alikufa mwaka gani. Wengi watakuandikia 1891 au 1954 maana ndo namba zinazoonekana, kumbe anatakiwa aone seven years later, ajumlishe, apate 1898. Sasa kuna na yule wa Kalenga, yeye anaandika 1898 fasta kwa sababu babu yake alishamsimulia. Usimpe maksi kwanza! Mwambie weka kidole kwenye mstari uliokupa jibu, akikosa arudi kusoma, maana kwenye mtihani wa taifa babu hayupo.

Wiki inayofuata nabadilisha, vitunguu vya Ilula, halafu chai ya Mufindi. Mwezi wa pili ndo nawapa kifungu cha kitu wasichokijua kabisa, na kabati nafungua.