Mbegu ya Msimu Ujao: Usichague kwa Macho Peke Yake

Wakulima wengi wakitenga mbegu huutafuta mmea uliostawi, wakaufungia kamba ya alama, basi. Ni mwanzo mzuri, ila mmea una mambo usiyoyaona. Kwa kila sifa hubeba nakala mbili za jeni (maelekezo ya urithi yanayoamua sifa), moja kutoka kwa kila mzazi, na nakala hizo huweza kutofautiana. Iliyo tawala ikiwepo, hata moja tu, ndiyo inayoonekana. Iliyo fichwa haionekani, lakini hurithiwa vilevile.

Chukua njegere. Urefu ni sifa tawala, ufupi ni fichwa. Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi kwa kutumia njegere, alipochanganya aina hizo mbili, kizazi cha kwanza kilitoka kirefu chote. Kizazi cha pili kikampa mimea mirefu 787 na mifupi 277, karibu tatu kwa moja. Hapo ndipo mkulima huponzwa: hung'oa mifupi akadhani kamaliza kazi, kumbe katika kila mirefu mitatu, kwa wastani miwili bado imebeba ufupi.

Dawa yake ni kuvuna kila mmea peke yake na kuzipanda mbegu zake kwenye mstari wake. Weka mbegu 16 au zaidi kwa mstari. Zikiwa chache, ufupi unaweza kukupita. Mstari ukitoa hata mmea mmoja mfupi, usitenge mbegu hapo, hata kama mingine imenona. (Anayeutaka ufupi wenyewe ana kazi nyepesi: mmea mfupi hauna urefu uliojificha.) Njia hii inafaa kwa mazao yanayojichavusha, yaani ua hutumia chavua yake lenyewe, kama njegere na maharage.

Mbegu ulizovuna kwenye chotara, yaani zao la aina mbili zilizochanganywa, usizirudie kupanda. Kizazi cha pili hutawanyika sifa.

Mahindi ni shauri jingine, maana chavua yake huja na upepo. Utamu wa mahindi matamu ya kawaida ni sifa fichwa, kwa hiyo yakipata chavua ya mahindi ya unga huharibika msimu uleule. Tazama gunzi likishakauka: punje tamu zimekunjamana, na katikati yake zimo nyingine zisizo na mikunjo, zilizojaa wanga. Hizo zimechavushwa na shamba la jirani. Tenga mashamba, au achanisha upandaji kwa majuma mawili au zaidi, ukihesabu na siku za kukomaa za kila aina, ili mbelewele za mahindi ya unga zisimwage chavua wakati nywele za mahindi matamu zingali mbichi.