Mzee kafariki, nyumba ipo Ngamiani: namna ya kufungua mirathi bila kuzungushwa

Haya, wiki hii nimeulizwa swali hili mara ya tatu, kwa hiyo naandika mara moja niwe nawatumia tu. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga, wakili sio, ila mafaili ya mirathi ya Mahakama ya Mwanzo nimeyashika mpaka basi. Ninayoeleza hapa ni ya marehemu Muislamu au aliyeishi kimila. Kama mzee alikuwa Mkristo muulize karani kwanza kabla hujalipia kitu.

Hatua ya 1: majina. Watu wanaliruka hili wanakimbilia kikao, halafu ndo wanakwama. Cheti cha kifo kinatoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo (kile kibali cha mazishi usikitupe, ndicho unachoanzia), ukishakipata kiweke mezani pamoja na ofa ya kiwanja (ile barua ya kumilikishwa), kitabu cha benki na kitambulisho cha NIDA, soma jina herufi kwa herufi. Marehemu mama yangu kwenye cheti kaandikwa Mwanaidi, kwenye karatasi ya kiwanja Mwanahidi, sikuona mpaka niliporudishwa dirishani, mwezi mzima naenda narudi kwa ajili ya "h" moja! Dawa yake ni kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, unaapa mbele ya kamishna wa viapo, mawakili wengi ni makamishna. Na nyie mnaopeleka taarifa ya kifo, jamani, mtu mtaa mzima unamwita jina la utani na nyie mnaliandika hilohilo kwenye fomu.

Hatua ya 2: kikao cha familia. Sheria haisemi kwamba bila muhtasari wa kikao hufungui mirathi, lakini mahakimu wengi watauliza, kwa hiyo kaeni. Andikeni tarehe, waliohudhuria, warithi wote, na mliyempendekeza awe msimamizi wa mirathi, kila mtu asaini. Warithi wote maana yake wote, pamoja na mke mdogo wa Pongwe na watoto wake ambao hamtaki kuwasikia. Ukimficha mtu leo, kesho anakuja na pingamizi na faili linaanza kuzunguka upya.

Hatua ya 3: orodha ya mali, hapa msiwe na haraka. Nyumba, shamba, hela za benki na za kwenye simu, ngalawa na nyavu zake, ng'ombe. Minazi ya kule Pangani ihesabuni mti kwa mti, maana huku pwani shamba linaweza kuwa la huyu na mnazi wa yule. Nyumba yenye jina la mama ni ya mama, msiichomeke kwenye mirathi ya baba eti kwa sababu baba alikuwa analala humo. Halafu madeni. Deni linalosahaulika kuliko yote ni mahari, kama mzee aliahidi na hakumaliza, mjane anadai kama mdai mwingine yeyote na analipwa kabla ya urithi kugawanywa.

Hatua ya 4: nenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa anaishi marehemu, jaza Fomu Namba 1, ndiyo ya maombi, ambatanisha cheti na muhtasari. Kama kaacha wosia uwasilishe hapohapo. Wosia wa Muislamu hauvuki thuluthi ya mali, na mrithi haachiwi kitu kwa wosia mpaka warithi wenzake waridhie.

Baada ya hapo mahakama inatoa tangazo, mwenye pingamizi ajitokeze. Subiri. Siku ya kusikilizwa nenda na ndugu wawili watatu, pasipokuwa na ubishi msimamizi anateuliwa na kupewa barua ya uteuzi, na anaweza kutakiwa kuweka wadhamini.

Sasa hiyo barua ndo inawatia watu kiburi. Msimamizi ni mkusanyaji na mgawaji, nyumba haijawa yake, na kodi ya wapangaji anayokusanya ni ya warithi. Ndani ya miezi 4 anatakiwa arudishe Fomu Namba 5, mali zote na madeni yote, kisha Fomu Namba 6 inayoonesha nini kimeingia na nani kapewa nini.

Mfano wa kugawa, marehemu akiwa Muislamu. Maziko na madeni yameshalipwa, wosia hakuna, wazazi wa mzee walishatangulia, nyumba ya Barabara ya 14 imeuzwa milioni 40, kaacha mke mmoja, wavulana wawili na msichana mmoja. Mke anachukua thumni, yaani moja ya nane, milioni 5. Inabaki 35, igawe mafungu matano, kila fungu 7: wavulana mafungu mawili mawili, yaani milioni 14 kila mmoja, binti milioni 7. Mke akiwa hana mtoto na mume hajaacha mtoto popote, fungu lake linapanda kuwa robo. Wake wakiwa wawili wanagawana hiyohiyo thumni, haiongezeki, na hapa ndipo kelele zinapoanzia kwenye vikao vingi nilivyokaa, bora mlijue mapema kabla chai haijapoa.

Kila anayepokea asaini mbele ya mashahidi. Msimamizi apeleke Fomu 6 na hizo saini, aombe faili lifungwe, na barua ya uteuzi atoe kopi tano kabisa, kila dirisha wanataka ya kwao.