Mzee akikataa matoke, usimlazimishe

Wewe unayehudumia wazee makaoni hapa Kampala, shika hili: mtu anayekaribia mwisho wa maisha huacha kula kwa kuwa mwili wake hauhitaji tena chakula kama zamani. Ndugu wataleta matoke na mchuzi wa karanga, na wakiikuta sahani haijaguswa watalia. Waeleze mapema, kwa upole.

Mketishe wima, kidevu kiinamie mbele kidogo. Tumia kijiko cha chai, nusu tu, usubiri ameze kabla ya kingine. Matoke yapondwe na kulainishwa kwa mchuzi. Uji wa ulezi uwe mzito kiasi, maana vinywaji vyepesi ndivyo humpalia mtu haraka. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji kooni, acha hapo hapo. Aliyesinzia asilishwe kabisa.

Na mdomo, jamani! Wakati mwingine kinachomzuia kula ni ukavu au utando mweupe ulimini. Huo una dawa, mwite muuguzi. Siku asipotaka chochote, lowesha midomo yake kwa kitambaa safi. Jjajja wetu mmoja (ndivyo Waganda wanavyomwita babu au bibi) alitaka juisi ya pasheni tu, matone mawili matatu. Tulimpa hayo.